Mkia wa Uzi

Daktari wa meno alimkataza Mama Pindo mambo mengi, naye akayatii yote isipokuwa lile dogo kuliko yote.

Mama Pindo alikuwa mshonaji, na jina hilo alipewa na wateja wake kwa sababu mapindo aliyoyashona hayakuonekana. Sketi ikitoka mikononi mwake, ungeweza kuigeuza nje ndani, ukapatafuta mahali sindano ilipopita, na usipaone. Lakini asubuhi ile hakuwa kwenye cherehani. Alikuwa amelala chali katika kiti cha kliniki, mdomo wa juu umekufa ganzi na kuvimba kama kile kijimto cha kuchomekea pini. Kando yake aliketi mumewe, mpiga picha ambaye watu walimwita Bwana Tabasamu, ameupakata mkoba wa mkewe kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu.

“Kazi imekwisha, mama,” daktari akasema, akivua glavu. Alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti, asiye mpole wa maagizo. “Sasa nisikilize vizuri. Usile kwa meno ya mbele. Usinywe cha moto. Usisukutue kwa nguvu. Na zaidi ya yote, usiuinue mdomo kujitazama. Nyuzi zangu ziache kama zilivyo. Siku ya kuzitoa, nitazitoa mimi.”

“Mm,” Mama Pindo akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwingine. Pindo la koti jeupe la daktari lilikuwa limefumuka upande wa kushoto, na uzi mrefu ulining'inia hadi karibu na goti. Hakuweza kuyaondoa macho hapo.

Bwana Tabasamu akakohoa kwa adabu. “Daktari, samahani. Nauliza kwa niaba ya mgonjwa, maana leo, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, hawezi kuuliza mwenyewe. Sisi tulikuja kuwekewa jino. Jino liko wapi?”

“Jino bado, baba.”

“Bado?”

“Leo nimeweka mfupa.” Daktari akavuta kiti, akaketi. “Jino lilipong'olewa miaka ile, mfupa uliokuwa umelishika ulibaki bila kazi. Mfupa usio na kazi hujiondokea polepole. Huu wa mama umekonda, umekuwa kama ukingo wa sahani. Nikichomeka skrubu hapo leo, ama haitashika, ama itashika, kisha ufizi upande juu na jino litoke refu kama la sungura, na kivuli cheusi shingoni. Kwa hiyo nimefungua ufizi, nimejaza chembechembe za mfupa, nimezifunika kwa utando, nikashona. Mfupa ukikubali, ndipo tutaweka skrubu. Skrubu ikishika, tutaushughulikia ufizi. Mwisho kabisa ndilo jino.”

“Na mfupa usipokubali?”

“Tutaanza upya. Na tutakapoanzia patakuwa pabaya kuliko leo. Gharama nayo itaanza upya.”

Bwana Tabasamu akautazama mkoba. Fedha zilizotoka humo asubuhi ile zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya cherehani ya umeme. Mama Pindo mwenyewe ndiye aliyesema kuwa miguu yake bado ina nguvu za kukanyaga cherehani ya zamani, na hakueleza zaidi.

Sasa alikuwa ameinua mkono, akinyoosha kidole. “Pin-do,” akasema kwa taabu. “Li-me-fu-mu-ka.”

Daktari akajitazama, akacheka. “Mama, mimi niache. Shughulika na mdomo wako.”

Duka lao lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa mbele palikuwa na cherehani, meza ya kukatia, na kioo kirefu cha wateja. Upande wa nyuma palikuwa na kigoda, taa mbili za miguu mirefu, na turubai lililochorwa maporomoko ya maji. Kutwa nzima Bwana Tabasamu alisikika kutoka huko akiwahimiza watu: “Tabasamu, mama! Meno, bwana, meno! Hata yale ya nyuma yasiyofaa!” Na katika miaka yote hiyo hakuwa na picha hata moja ya mkewe akiwa amefungua kinywa.

Hilo halikuwa ajabu. Mama Pindo alilivunja jino lake la mbele kwa kung'ata nyuzi, kazi ambayo mkasi uliundwa kuifanya, likang'olewa, na badala yake akavaa jino la bandia lililoshikizwa kwenye kibao cha plastiki chini ya kaakaa. Jino lile halikuwa na uaminifu. Siku moja, alipokuwa amepiga magoti akimpima hakimu urefu wa suruali, lilimponyoka na kutua juu ya kiatu cha mheshimiwa. Hakimu, kwa heshima ya cheo chake, akatazama dari mpaka lilipookotwa. Tangu siku ile Mama Pindo hakucheka tena bila kuufunika mdomo kwa kiganja. Kicheko chake kilitoka kimefifia, kana kwamba mtu anacheka ndani ya kabati.

Sasa hata hilo la kibao alikuwa amelivua kwa amri ya daktari, lisije likaukandamiza ufizi. Alikuwa akishona kimya, na wateja aliwajibu kwa kichwa.

Akaingia wifi yake, dada wa mumewe, mwenye saluni ya nywele upande wa pili wa barabara. Alikuwa na chanuo bado limechomekwa kichwani.

“Haya, wifi, fungua mlango tuione nyumba mpya.”

Mama Pindo akatikisa kichwa.

“Hata dirishani tu?”

“Daktari amekataza, dada,” Bwana Tabasamu akasema kutoka nyuma ya pazia.

“Amekataza kwa sababu humo hamna kitu! Jamani, mtu anakwenda kununua jino anarudi na mfupa, kama aliyetumwa buchani?” Wifi akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa, kwa kuwa nyumba ya kaka yake aliihesabu kuwa yake. “Mimi langu nilikwenda asubuhi, na mchana nikalitafunia. Yule fundi hana maneno mengi. Alinitengenezea jino, na kwa kuwa nilikuwa nimevaa saa mbovu, akanitengenezea na saa.”

Akalionyesha. Lilikuwa jeupe kuliko wenzake kama shuka mpya kati ya za zamani, refu kuliko wenzake, na pale lilipokutana na ufizi palikuwa na mstari wa kijivu. Mama Pindo alilitazama kwa jicho la kazi yake: kiraka cha rangi isiyolingana, na mshono uko nje. Bwana Tabasamu hakuwa na haja ya kulitazama. Kila picha ya ukoo iliyopigwa tangu mwaka ule, alikuwa akiufuta mstari ule kwa subira, na dada yake akisifu kamera.

“Nitangoja, wifi,” Mama Pindo akasema, midomo ikiachana kidogo tu.

“Ngoja, mama, ngoja. Utakapomaliza kungoja hutakuwa na meno mengine ya kulipokea hilo moja.”

Mama Pindo akataka kucheka, akakumbuka nyuzi, akajizuia kwa kiganja. Kicheko kikatokea puani, kikamwuma.

Siku ya pili yake, jua la kabla ya adhuhuri lilikuwa limeingia dirishani na kulala juu ya meza ya kukatia alipokihisi. Ncha ya ulimi wake ilipita nyuma ya mdomo wa juu, na hapo pakawa na kitu kimesimama, kigumu kidogo, kama sharubu la paka. Akapitisha ulimi tena. Kikamchoma tena.

Ulikuwa mkia wa uzi.

Msomaji asiyeshona huenda asiuone uzito wa jambo hili. Nguo haikupata kutoka kwa Mama Pindo ikiwa na mkia wa uzi, hata kwapani, hata mfukoni. Wasichana waliojifunza kazi kwake walirudishiwa gauni zima kwa mkia mmoja. Alijitahidi kushona. Akakosea mshono. Akaufumua, akaukosea tena.

“Baba,” akaita, “njoo na taa yako.”

“Taa ya nini?” Kichwa cha mumewe kikatokea kwenye pazia.

“Nataka kutazama.”

“Si tuliambiwa tusitazame?”

“Tuliambiwa tusiinue mdomo. Mimi nitacheka tu, halafu wewe utaangalia.”

“Utacheka nini?”

“Nitakutazama wewe.”

Bwana Tabasamu akaileta taa. Yamkini angeweza kukataa, lakini naye alikuwa na udadisi wake. Kwa miaka mingi alikuwa ameona vinywa vya watu wote mtaani isipokuwa cha nyumbani kwake. Mama Pindo akacheka alivyoweza. Hakikuonekana kitu. Basi wakakubaliana kuwa kidole kimoja, tena kikiwa safi, si sawa na kuinua.

“Oo,” Bwana Tabasamu akasema.

“Oo nini?”

“Daktari anashona vizuri.”

Maneno hayo yakamgusa mkewe pasipostahili kuguswa. “Nipe kioo.”

Akatazama muda mrefu. “Hatua zake ziko sawa,” akakiri, kama fundi anayelazimika kumsifu mwanagenzi. “Na hajavuta sana, nguo haikukunjana. Lakini ona hapa. Ona mkia huu! Yule msichana akiacha pindo la koti lake lining'inie, ni shauri yake. Hata mdomoni mwa watu?”

“Uache, mama.”

“Naukata mkia tu. Fundo siligusi.”

“Alisema nyuzi ziachwe kama zilivyo.”

“Alisema nyuzi. Huu ni mkia.”

Kwa kuwa alikuwa mwanamke msafi, aliuosha mkasi wake mdogo kwa maji yaliyochemka na kuupangusa kwa kitambaa kipya. Kisha akasimama mbele ya kioo cha wateja, akaunasa mkia kwa ncha za mkasi, akasema, “Usitetemeshe taa,” na akakata. Sauti ya mkasi ilikuwa ndogo na tamu. Mama Pindo akarudi kwenye cherehani akiwa na utulivu ambao hakuwa nao tangu atoke kliniki, na jioni ile akashona kola mbili bila kukosea.

Hakujua kwamba uzi wa daktari si pamba. Ni uzi mgumu, unaoteleza kama mshipi wa kuvulia, na fundo lake halijibani lenyewe. Ni ule mkia mrefu unaolizuia lisifunguke. Ukiupunguza sana, mdomo ukisema na ulimi ukisukuma, fundo hujilegeza kidogo kidogo mpaka linaachia.

Siku chache baadaye, Bwana Tabasamu aligundua kwamba mambo hayako sawa pale mkewe alipomwacha atoke nje huku kola ya shati imekunjika upande mmoja. Akarudi kutoka mlangoni.

“Una nini?”

Mama Pindo akafungua kiganja. Katikati yake palikuwa na punje moja nyeupe.

“Nini hii? Chumvi?”

“Mfupa.”

“Wa nani?”

“Wetu,” Mama Pindo akasema. “Tumeulipia.”

Wakaitazama ile punje, wote wawili, kama watu waliosimama juu ya kitu kilichoanguka kutoka mbinguni. Nje, wifi alikuwa akimwita mteja kwa sauti kubwa.

“Wewe ndiye uliyeshika taa,” Mama Pindo akasema mwishowe.

“Nisingeshika ungekata hivyohivyo, ukaondoka na kipande cha ulimi.”

“Ungenikataza.”

“Nilikukataza!”

“Ulinikataza kama mtu anayemkaribisha mgeni akitumaini hataingia.”

Hilo lilikuwa kweli, na Bwana Tabasamu alilijua. Akaketi juu ya majora ya vitambaa. “Tutamwambia umepiga chafya,” akasema.

“Chafya?”

“Chafya kubwa. Chafya hutokea. Hata mtu mwangalifu anaweza kupiga chafya.”

Mama Pindo hakuupenda uongo, na mumewe hakuuweza. Lakini aibu ina nguvu zake. Katika chumba cha kungojea waliirudia ile chafya kwa minong'ono, ilikuwa siku gani, na vumbi lilitoka wapi, mpaka mgonjwa mwenzao akasogea kiti cha mbali asije akaambukizwa.

Daktari aliuinua mdomo, akamulika. Kisha akauliza, “Nani amekata?”

“Alipiga chafya,” Bwana Tabasamu akasema, mapema mno.

“Chafya yenye mkasi?” Daktari hakugeuka. “Uzi uliokatika wenyewe huacha nyuzinyuzi. Huu umekatwa. Tena umekatwa kwa mkasi mkali, na mkono usiotikisika. Mtu wa kawaida asingeweza kukata safi namna hii.”

“Asante,” Mama Pindo akasema, kabla hajajizuia.

Hapo ndipo sauti ya daktari ilipouacha upole wake. “Mama, hili si la kushukuru. Jeraha limefunguka. Utando unaonekana, na chembechembe zinatoka. Vijidudu vikiingia chini yake tutaupoteza mfupa wote.”

“Basi shona tena, mwanangu. Shona sasa hivi.”

“Siwezi. Kingo zimevimba na kulainika. Wewe ukiletewa kitambaa kilichooza ukingoni, utapitisha sindano?”

Mama Pindo akafikiri, kwa kuwa swali la kazi lazima lijibiwe kwa haki. “Kitachanika,” akasema.

“Ndivyo. Utapasafisha kwa dawa nitakayokupa, kwa upole, na tutangoja. Ufizi wenyewe huenda ukatambaa kutoka kando na kupafunika. Huenda. Sikuahidi.”

Mama Pindo alikuwa amelala chali, kwa hiyo machozi hayakuwa na pa kwenda isipokuwa masikioni. Bwana Tabasamu akatafuta kitambaa katika mkoba, akatoa futi ya kupimia, akairudisha.

“Nilikuomba jambo dogo sana,” daktari akasema, sasa kwa sauti ya chini. “Kwa nini, mama?”

“Mwanangu, mimi tangu usichana wangu nakata mikia ya nyuzi. Mkono ulikwenda wenyewe.” Akameza. “Sikuja hapa kutafuta urembo, usinifikirie hivyo. Meno ya kulia chakula ninayo mengi. Nilitaka kucheka bila mkono. Ni hilo tu. Na sasa nimelikata mimi mwenyewe.”

Daktari akasimama, akalivua koti lake jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya mapaja ya mgonjwa.

“Basi mkono huo tuupe kazi. Shona pindo hili. Kila utakapotamani kugusa mdomo, gusa hili. Likiisha, nina mengine, na wauguzi wangu wana yao. Hakuna koti zima katika kliniki hii.”

Mama Pindo akaligeuza pindo, akapapasa mshono wa zamani. “Nani alishona hiki?” akauliza, machozi bado yamo masikioni.

“Mimi.”

“Alaa,” Mama Pindo akasema, na kwa heshima hakuongeza neno.

Ukafuata msimu mrefu wa kungoja. Kioo kirefu kiligeuzwa ukutani, na wateja walioomba kujitazama waliambiwa wamependeza. Bwana Tabasamu aliuficha ule mkasi mdogo ndani ya sanduku la lenzi, akapasahau, akauficha mwingine. Mama Pindo alisukutua dawa chungu kwa upole wa mtu anayeosha hariri. Makoti meupe yakaja kwa mafungu, yakarudi kliniki yakiwa na mapindo ambayo wauguzi waliyatafuta bila kuyaona, wakadhani yamegandishwa kwa gundi.

Wifi hakuambiwa kitu, kwa hiyo alijua kila kitu. “Nasikia mfupa ulitoroka,” akasema akipita mlangoni. “Ningewakopesha kamba.”

Lakini ufizi ulitambaa. Siku daktari alipoinua mdomo na kusema “Umeziba,” Bwana Tabasamu aliushika mkoba kwa nguvu hata kishikizo kikafunguka. Daktari akawaonyesha picha ya ndani ya taya. Bwana Tabasamu akaikaribia, kama mtu wa fani hiyohiyo.

“Imetulia,” akatoa maoni. “Ila mwanga wa upande wa kushoto umezidi.”

“Huo ni mfupa, baba.”

“Basi mfupa umezidi.”

“Laiti ungezidi! Umetosha kuishika skrubu, na kwa hilo tumshukuru Mungu. Lakini upande wa mbele tumepoteza kiasi. Tukiacha hivyo, jino litashika vizuri, lakini ufizi juu yake utabonyea.”

“Na penye bonde kivuli kitaanguka,” Bwana Tabasamu akamalizia. Akamkumbuka dada yake. “Kivuli hicho nakijua. Nimekifuta miaka mingi.”

“Kwa hiyo nikiweka skrubu nitachukua ufizi kidogo kutoka kwenye kaakaa, niuingize chini ya ule wa mbele, ili uwe mnene.”

Mama Pindo akajiinua kwa kiwiko. “Kama bitana.”

“Kama bitana.”

“Ili nguo isimame.”

“Ili nguo isimame, mama. Na safari hii mikia nitaiacha mirefu, tena kwa makusudi.”

“Iache,” Mama Pindo akasema. “Hata ikifika kifuani, sitaigusa.”

Hakuigusa. Ilimchoma mdomo, ikamkera ulimi, ikakaa nyumbani kwake kama mgeni asiyejua kuaga. Naye akaivumilia kwa uso mkavu, akishona makoti ya watu, mpaka daktari alipoitoa kwa mkono wake mwenyewe na kumwonyesha mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayerudisha chenji.

Hata jino lilipokuja, halikuja mara moja. Kwanza lilikuja la muda, na katika kila ziara daktari aliliongezea unene kidogo shingoni, ili liusukume ufizi taratibu na kuufundisha umbo, jinsi kola inavyopigwa pasi juu ya mviringo mpaka inakubali. Kisha ikafika siku ya kuchagua rangi ya lile la kudumu, na hapo Mama Pindo akakaribia kuvunja urafiki.

“Jino jipya, na mnalipaka umanjano?”

“Shingoni tu,” daktari akasema. “Mwenzake ana umanjano.”

“Na huu ni nini? Huu si ufa?”

“Ni ufa wa rangi. Mwenzake anao.”

“Nimengoja muda wote huu nipewe jino lililopasuka!”

“Mama,” mumewe akamwambia, “wewe ukitia kiraka kwenye suruali kuukuu, unatumia kitambaa gani?”

Mama Pindo akafungua kinywa kujibu, akakifunga.

Siku alipotoka na jino lake, alipita barabara yote kwa miguu, akisalimia hata watu asiowapenda, meno yote nje. Mwuza mboga akamwambia amenenepa. Fundi viatu akamwuliza kama amebadilisha kilemba. Mama mmoja akamshika mkono, akamtazama usoni kwa makini, akampongeza kwa kupona malaria. Alifika dukani amenuna.

“Hakuna aliyeliona,” akamwambia mumewe. “Hata mmoja.”

Bwana Tabasamu hakuweza kusimama kumfariji, kwa kuwa hakimu alikuwa amekwisha ketishwa kwenye kigoda nyuma ya pazia, akitaka picha za pasipoti, na hakimu hangojeshwi. Mama Pindo akachukua koti jeupe, akashika sindano kwa mkono mmoja na pindo kwa mwingine, akaanza kushona kwa hasira.

Ndipo akaingia wifi na chanuo lake. “Haya, wifi. Hilo jino lenu la kusubiriwa litawekwa mwaka gani?”

“Limekwisha wekwa.”

“Acha mzaha.”

“Limewekwa, wifi. Tazama.”

Wifi akainama. Akaenda dirishani, akarudi kutoka upande wa pili. Akatoa miwani, akaivaa. Akanyoosha kidole kinachonukia mafuta ya nywele. “Hili.”

“Hilo nilipewa na Mungu.”

“Basi hili.”

“Hilo pia la Mungu.”

“Hili la pembeni? Hapana, hilo limepinda, hakuna anayelipia jino lililopinda. Hebu geuka. Hebu sema ‘sisimizi’.” Wifi akanyooka, akavua miwani, na uso wake ukaingiwa na huruma ya kweli. “Wifi yangu, mmeibiwa. Fedha zote zile, mateso yote yale, halafu jino lenyewe halionekani!”

Mama Pindo akamtazama. Mkono mmoja ulikuwa na pindo, wa pili ulikuwa na sindano, na hapakuwa na wa tatu.

Nyuma ya pazia Bwana Tabasamu alikuwa na jicho kwenye kamera. “Usicheke, mheshimiwa,” alikuwa akisema, “pasipoti hairuhusu meno. Funga mdomo kabisa. Sasa tulia hivyo hivyo, nina—”

Kicheko kikaja. Hakikutoka ndani ya kabati. Kilikuja kizima, kipana, kikapiga kwenye kioo na kwenye turubai la maporomoko ya maji, kikaendelea pale ambapo kwa miaka mingi kiganja kilikuwa kikikikatiza, na kikaendelea bado. Kidole cha mpiga picha kikasahau kubonyeza. Akasimama pale, mgongo umegeukia pazia, hakwenda kutazama. Akaishika taa ambayo haikuwa na kasoro, akawa anaigeuza huku na huku, na miwani yake ikaingia ukungu.

Hakimu, kwa heshima ya cheo chake, akatazama dari.